Karo ya Muhula wa Mwisho

Baba yangu alikuwa akitengeneza masanduku ya bati, yale ambayo watoto wa kidato cha kwanza hubeba kwenda shule za bweni. Kibanda chake kilikuwa Laini Saba, ndani ya Kibera, karibu kabisa na reli, na kila mwaka kuanzia Novemba kilijaa masanduku mpaka yeye mwenyewe akakosa pa kukaa. Alihamia nje, juani, akigonga bati juu ya kipande cha chuma cha reli alichokigeuza fuawe. Januari ndiyo iliyotulisha mwaka mzima. Wazazi walikuja na watoto wao, wakachagua rangi, wakajaribu kufuli, wakavutana bei, na Baba akamuuliza kila mtoto anaenda shule gani. Alisikiliza jibu kwa makini, hata kama shule yenyewe hakuwa ameisikia.

Kaka yangu alijifunza kazi hiyo mikononi mwa Baba kabla hajaota ndevu. Alipooa akahamia Kawangware, akaajiriwa na mtu kuchomelea mageti na madirisha. Mwaka wa 2007 alikuwa amepata nafasi ya kibanda kando ya barabara, upande wa kuelekea Riruta. Kilikuwa na umeme. Lori lingeweza kusimama mlangoni. Kilichobaki ni kumlipa mwenye ploti pesa ya kuingilia. Mpango wa kaka ulikuwa Baba ahame Laini Saba, waungane, mmoja masanduku na mwingine mageti, na baada ya miaka michache wawe na wafanyakazi wao.

Baba alikuwa na akiba, lakini akiba hiyo ilikuwa yangu. Nilikuwa mwaka wa nne chuo kikuu, nikisomea biashara katika masomo ya parallel, yale ya kujilipia. Kidato cha nne nilikosa alama kidogo tu za kuchukuliwa na serikali, na kidogo hicho ndicho kilichomfanya Baba auze ng'ombe kule Kitui, kisha kipande cha shamba, kisha aache kununua bati kwa jumla na kuanza kulinunua shiti moja moja, kwa bei ya juu. Kila muhula nilipofungua kitabu niliona kitu ambacho kwetu hakikuwepo tena.

Siku ya Krismasi tulikuwa sote Kawangware, katika chumba cha kaka, sahani mapajani. Mke wake alikuwa amejifungua majuzi tu na alikuwa amekaa kitandani na mtoto.

"Hiyo digrii itatufungulia mlango gani, Baba?" kaka aliuliza. "Mimi sikatai masomo. Nauliza tu."

"Umeshauliza," Baba akasema.

"Na hujanijibu. Anasomea biashara miaka minne. Wewe una biashara. Angekuja hapo kwa kibanda umfundishe bure."

Mke wa kaka alimwambia mumewe achukue chapati nyingine, nadhani ili mdomo upate kazi. Kaka hakuchukua.

"Muhula mmoja umebaki," Baba alisema. "Nimebakisha kufuli tu. Siwezi kuacha sanduku bila kufuli."

"Na kama sanduku lenyewe halina kitu ndani?"

Mama alianza kukusanya sahani kabla watu hawajamaliza kula. Mimi nilitazama mikono yangu. Kaka alikuwa akiniita Profesa tangu siku nilipoingia chuoni. Mwanzoni ulikuwa utani, na nilikuwa nikicheka. Siku hiyo hakuniita kitu chochote.

Siku mbili baadaye tulipiga kura Kibera asubuhi na mapema. Kisha mimi na Mama tukarudi Kawangware kumsaidia mke wa kaka na mtoto. Baba alibaki Laini Saba. Msimu wa masanduku ulikuwa unaanza, na kibanda kilikuwa kimejaa hadi darini. "Wiki ya kwanza ya Januari nitauza nusu," alimwambia Mama. "Hamtaniona hapa."

Kilichofuata kila mtu anakijua. Matokeo ya urais yalichelewa, kisha yakatangazwa, na kabla mtangazaji hajamaliza tulisikia kelele kutoka upande wa soko. Kutoka Kawangware ungeweza kuona moshi ukipanda kule Kibera, mweusi, ukilala upande mmoja kwa upepo. Kawangware nayo ilikuwa na moto wake. Vijana wa ploti hii walilinda mlango huu, wa ploti ile wakalinda ule, na mtu ulimsikiliza anavyotamka maneno, ujue kabila lake, kabla ya kumjibu. Maduka yalifungwa. Kadi za simu ziliadimika mpaka watu wakawa wanaomba kusaidiwa dakika moja ya kupiga. Baba alipiga mara chache na kusema maneno yaleyale: yuko sawa, hajatoka, wateja hawajaja.

Sisi Wakamba wakati huo tulikuwa katikati. Wagombeaji wawili wakubwa hawakuwa watu wetu, na wa kwetu alikuwa amebaki nyuma sana, kwa hiyo pande zote mbili zilituacha bila kutugusa. Majirani wa Baba pale kwenye reli wengi wao walikuwa Wajaluo, na walikuwa wakimletea chai. Mama alijituliza kwa hilo. "Hawana shida na sisi," alisema kila asubuhi, akimfunga mtoto mgongoni.

Kisha redio ikatangaza baraza la mawaziri, na yule mgombeaji wa kwetu Ukambani akawa ameingia serikalini.

Nakumbuka kaka alivyozima redio. Alisimama katikati ya chumba, mkono bado uko kwenye kifungo. Hakuna aliyehitaji kuelezwa: kwa majirani wa Baba, sasa tulikuwa upande wa serikali waliyosema imewaibia kura. Kesho yake simu ya Baba ilipokelewa na mtu asiyesema kitu. Tulisikia pumzi tu, na mbali kidogo chuma kikigongwa. Kisha ikakatika. Tulipojaribu tena ilikuwa imezimwa.

"Naenda," kaka alisema.

Mama alimwambia akienda peke yake, mwanamume kijana wa umri ule, watamwona mpiganaji. Nikasema nitaenda naye. Nilidhani Mama atakataa. Badala yake alinipa leso yake nijifunge, nionekane mtu mzima zaidi. Mke wa kaka aligeukia ukuta na kumnyonyesha mtoto. Hakutuaga.

Tulipita Riruta, tukavuka Ngong Road iliyokuwa tupu kama siku ya sensa, tukaanza kushuka kuelekea Olympic, upande wa kuingilia Kibera. Kaka alikuwa ameacha hata bisibisi anayotembea nayo mfukoni kila siku. Tulikuwa tunatembea bila kuongea. Karibu na nyumba za Olympic tulisikia harufu ya tairi kabla hatujaona kitu, na tulipopinda kona wakawa wapo mbele yetu, mbali kidogo tu, na walikuwa wameshatuona.

Walikuwa vijana kama kumi na kitu. Walikuwa wamepanga mawe barabarani na kulaza mlingoti wa stima juu yake. Wengine walikuwa na rungu, mmoja alikuwa na panga analokwaruza nalo lami polepole, bila haraka yoyote.

"Niaje," kaka aliwasalimu.

Yule wa panga aliacha kukwaruza.

"Mnatoka wapi?" yule wa panga aliuliza.

"Kawangware."

"Mnaenda?"

"Laini Saba. Kumchukua mzee wetu."

"Toeni kipande."

Kaka alitoa kitambulisho chake. Mimi nilitoa kadi ya chuo, nikidhani kadi ya mwanafunzi haina kabila, ingawa jina langu lilikuwa limeandikwa pale pale chini ya picha. Yule wa panga alisoma cha kaka kwa sauti, mpaka kwenye wilaya. "Kitui," alisema, akiwageukia wenzake. "Hawa ndio walituuza."

Walisogea. Hawakukimbia wala kupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nilihisi mkono wa kaka ukigusa mgongo wangu, ukinisukuma nyuma kidogo, na nikajua kwamba anapima umbali wa kunirusha upande wa ukuta nikimbie. Nilijua pia kwamba sitakimbia.

Kadi yangu ilikuwa imefika mikononi mwa kijana mwingine. Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu, limepigwa pasi, na nakumbuka nikijiuliza ni nani aliyepiga pasi Kibera wiki ile. Aliigeuza kadi, akatazama nyuma, akatazama mbele.

"Wewe ni parallel ama regular?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Parallel."

"Nani anakulipia?"

"Baba. Ni fundi wa masanduku."

"Unafanya course gani?"

"Biashara. Nimebakisha muhula mmoja."

Alitikisa kichwa polepole, kama daktari anayesikia dalili anazozijua. "Mimi nilikuwa regular, serikali ililipa. Uhandisi. Nilimaliza vizuri kushinda watu unaowaona wamekalia ofisi huko mjini. Nimezunguka Industrial Area na makaratasi yangu mpaka soli za viatu zikaisha. Wale tulimaliza nao, wenye wajomba wakubwa, wote waliandikwa kazi. Sasa mimi nauza maji ya mtungi." Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Wewe unafikiri ukimaliza watakuita?"

Nilitafuta jibu ambalo lingetufaa. Nikisema ndiyo, ningekuwa mmoja wa wenye wajomba. Nikisema hapana, ningeonekana najipendekeza.

"Sijui," nikasema.

"Hawatamwita," kaka alisema.

Kijana wa shati akamgeukia.

"Hawatamwita," kaka akarudia, na sauti yake haikuwa ya mtu anayeomba. Ilikuwa sauti ileile ya Krismasi. "Mimi nimemwambia mzee miaka yote hii. Ng'ombe ameuza. Shamba ameuza. Nilikuwa nimepata kibanda hapo Kawangware, kina stima, mahali pazuri, tungekuwa tunafanya kazi na yeye saa hii. Akasema hapana, kuna karo. Kila mwaka kuna karo. Mimi niliacha kusoma nikashika nyundo, na hakuna mtu aliuza hata kuku kwa ajili yangu. Na huyu akimaliza ataenda wapi? Ataandika barua za kuomba kazi. Atakuja kukaa kwangu, alale kwa kiti, aandike barua."

Hakuwa anaigiza. Nilimjua vya kutosha kujua hivyo, na nadhani kijana wa shati naye alijua. Kaka alikuwa amesahau panga, amesahau tairi. Shingo yake ilikuwa imevimba mishipa. Maneno yale alikuwa ameyabeba muda mrefu, na mtu wa kwanza kuyasikiliza mpaka mwisho alikuwa huyu asiyemjua, barabarani, akiwa ameshika kadi yangu.

"Ulimwambia mzee hivyo?" kijana aliuliza.

"Nilimwambia."

"Akasema nini?"

"Akasema amebakisha kufuli tu."

Kijana alicheka pumzi moja kupitia puani. Kisha akanirudishia kadi. "Wacheni wapite," aliwaambia wenzake. "Huyu dada ashaibiwa tayari."

Wawili watatu walicheka. Yule wa panga hakucheka. Alishika kitambulisho cha kaka muda mrefu zaidi, akitazama picha, akitazama uso. Akamgonga nacho kifuani, mara moja, kwa nguvu, na kaka akakipokea kabla hakijaanguka. Wakasogeza mguu mmoja mmoja, na pengo likawa la kutosha watu wawili kupita kwa ubavu.

"Usikimbie," kaka alininong'oneza. "Tembea kama unaenda dukani."

Nilitembea. Mgongo wangu wote ulikuwa masikio. Tulipopinda kona ya pili kaka akanishika kiwiko.

"Profesa," alianza.

"Usiongee," nikamwambia. "Usiniambie kitu."

Na hakuniambia kitu mpaka Laini Saba.

Kibanda cha jirani wa Baba upande wa kushoto kilikuwa majivu. Cha Baba kilikuwa kimesimama, mlango wazi, naye amekaa nje kwenye kigoda, nyundo magotini. Alikuwa amekonda. Simu yake ilikuwa imechukuliwa kwenye foleni ya maji, alisema, na mtu aliyeuliza kabila lake kwanza. Nilichungulia ndani, nikaona kwamba zaidi ya nusu ya masanduku hayapo.

"Wameiba?" kaka aliuliza.

"Nimepeana."

Alieleza bila kunyanyua sauti. Watu walikuwa wakihama, Wakikuyu wakitoka upande huu, Wajaluo wakifukuzwa kutoka upande ule, na wote walikuwa wakipita mbele ya kibanda chake kwenye reli wamebeba vitu vyao kwa mashuka. Mashuka yalikuwa yakipasuka. Vyombo vilianguka, watoto wakarudi kuokota, mama zao wakawapigia kelele wasirudi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza samaki wa omena pale karibu alipasukiwa mbele yake kabisa, na Baba akamtolea sanduku. Wa nyuma yake akaona. "Baada ya hapo sikuweza kumchagua huyu na kumwacha yule," alisema.

"Hiyo ilikuwa Januari yote, Baba."

"Januari gani?" Baba akamuuliza. "Unaona shule imefunguliwa?"

Kaka aliingia ndani, akasimama katikati ya masanduku yaliyobaki. Alipiga moja teke, si kwa nguvu sana, likatoa mlio mkubwa. Mlio huo ulijibiwa na mwingine kutoka chini ya mteremko, chuma juu ya chuma, na sauti za watu wengi wakivuta kwa pamoja. Walikuwa wakiing'oa reli. Baba alisimama.

"Wakimaliza hiyo watapanda huku," alisema.

Alichukua sanduku moja, akaweka nyundo, mkasi wa bati, koleo na patasi. Alitaka kuchukua na kile kipande cha reli alichogongea, akakishika, kikamshinda. Kaka akamwambia akiache. Alikiacha, lakini alirudi mara mbili kukitazama, na mara ya pili ilibidi kaka amshike mkono. Hatukurudi kupitia Olympic. Tulipanda juu kupitia Makina, tukajiunga na kundi la watu waliokuwa wakitembea nyuma ya lori la polisi, kila mtu akijifanya hajui jirani yake ni kabila gani. Baada ya siku chache jirani aliyebaki alitupigia kusema kibanda kimeungua.

Kwa hiyo sasa tulikuwa watu sita katika chumba kimoja Kawangware, na kitu pekee cha thamani tulichobaki nacho kilikuwa karo yangu. Mama ndiye aliyekuwa akiihifadhi. Ilikuwa karo ya muhula wa mwisho, kamili, na chuo kilikuwa kimeahirisha kufunguliwa.

Kaka alingoja Baba apumzike kwanza. Halafu akasema kile tulichojua atasema: kibanda chenye umeme bado kipo, mwenye ploti amekosa mpangaji kwa sababu ya vita, pesa ikilipwa sasa watapata. Masomo yanaweza kungoja.

Baba alinigeukia mimi. "Mama yako ameniambia mlisimamishwa. Nielezee."

Nilimweleza, pamoja na maneno ya kaka, bila kupunguza. Kaka aliinamisha kichwa lakini hakukana.

"Huyo kijana alisomea nini?" Baba aliuliza.

"Uhandisi."

"Na wale wengine kumi, kuna mwingine aliuliza swali? Ama walitaka tu kujua mnatoka wapi?"

"Aliuliza yeye peke yake."

"Basi," Baba akasema.

"Basi nini?" Kaka aliinua kichwa. "Hakuuliza kwa sababu amesoma, Baba. Aliuliza kwa sababu ana uchungu. Angekuwa na kazi hangekuwa hapo barabarani. Masomo ndiyo yamemweka hapo."

"Yamemweka hapo, na hapo ndipo mlipopita."

"Tulipita kwa sababu nilimwambia ukweli kwamba haina maana."

Waliendelea hivyo, sauti chini kwa ajili ya mtoto, na kila mmoja alikuwa na tukio lilelile mkononi akimwonyesha mwenzake upande wake. Nimeligeuza mwenyewe mara nyingi tangu siku hiyo na bado sijui nani alishinda.

Nilisema nitaahirisha mwaka mmoja.

"Hukuulizwa," Baba akasema.

"Ndiyo shida, sijawahi kuulizwa. Mnabishana juu yangu kama vile mimi ni bati."

Mama, aliyekuwa akikunja nepi, alisema bila kunitazama, "Haya. Tunakuuliza sasa. Unataka nini?"

Wote walinitazama, hata mke wa kaka. Nilikuwa nimejiandaa kusema jambo la heshima, kwamba kibanda kije kwanza. Nilifungua mdomo na kilichotoka kikawa kingine.

"Nataka kumaliza," nikasema.

Niliogopa kwamba kaka anasema kweli, na bado nilitaka kumaliza. Nilitaka kwa sababu nilikuwa nimeingia katika maktaba ile na kukaa, na hakuna mtu aliyeniuliza kipande. Nilitaka pia kwa sababu nisiyoweza kuitaja mbele yao: kama nisingemaliza, ng'ombe na shamba vingekuwa vimekwenda bure kabisa, na mimi ningekuwa nimebaki bila hata la kusingizia.

Kaka alichukua jaketi lake, akatoka. Alirudi jioni na unga na sukuma wiki, akampa mkewe, akaketi. Kuhusu kibanda hakusema tena. Wiki iliyofuata alimwombea Baba kona chini ya paa la karakana alikoajiriwa, na Baba akaanza upya kwa kutengeneza majiko na vichujio, vitu vidogo vya bati, kwa sababu mwaka huo hakuna aliyenunua masanduku. Mama alianza kufulia watu nguo upande wa Lavington, kwa matajiri. Alikuwa mwanamke ambaye hakuwahi kufulia mtu asiye wake. Jioni aliniomba nimpake mafuta vidoleni, na nilimpaka nikiwa na kitabu cha uhasibu wazi magotini.

Chuo kilifunguliwa, na karo ikalipwa. Viti kadhaa darasani vilibaki vitupu, na wahadhiri walipoita majina walikuwa wakingoja kidogo kabla ya kuendelea na jina lingine. Nilifanya mitihani, nikafaulu, si kwa kung'ara. Siku ya mahafali Baba alivaa suti ya kuazima iliyomzidi mabega. Kaka alikuja pia. Alisimama nyuma, akapigwa picha moja, akaondoka mapema kwa sababu kulikuwa na geti la kupeleka.

Na mambo yakawa kama alivyosema. Nililala katika kiti chake zaidi ya miaka miwili, nikiandika barua. Niliuza kadi za simu, nikafundisha hesabu katika shule ya mabati Riruta kwa mshahara uliokuja ukitaka. Kibanda chenye umeme kilichukuliwa na mtu mwingine. Sasa ni duka kubwa la vifaa vya ujenzi, lina lori lake, na kila nikipita hapo huwa natazama upande wa pili wa barabara. Kaka alipata mahali pengine baadaye, ndani ndani, ambapo wateja lazima waelekezwe.

Halafu mambo yakawa tofauti na alivyosema. Chama kimoja cha akiba na mikopo kilitafuta karani wa hesabu, wakataka digrii, nami nilikuwa nayo, wakanichukua bila mjomba. Nilianza chini kabisa. Leo ni mimi ninayeketi upande wa pili wa meza watu wanapokuja kuomba mkopo wa karo, na wengi wao huniuliza, wakiwa tayari wameinua kalamu, kama inafaa. Sina ruhusa ya kuwashauri, na huwa nashukuru kwa hilo.

Baba amezeeka na hagongi tena. Mwaka jana nilimtembelea, tukakaa nje, nikamuuliza moja kwa moja. Nikamwambia: kama ungejua kibanda kitaungua, kwamba nitakaa miaka bila kazi, kwamba Mama atafulia watu, ungelipa ile karo?



"Ningelipa," alisema. "Na kibanda cha kaka yako ningekilipia pia."

"Hukuwa na pesa ya vyote viwili."

"Sikuwa nayo," alikubali. "Hiyo tu ndiyo ilikuwa shida. Hakuna kati yenu aliyekuwa amekosea."

Jua lilikuwa limemfikia miguuni. Aliniomba nimsaidie kusogeza kiti, nikakisogeza, na tukaendelea kukaa.